Jina la Nne kwenye Kadi

Jumanne, 2 Oktoba 2018

Leo tena: "Lete maji!" Mpolandi wa miaka themanini na sita, hapa Dallas, ananiamrisha kwa Kiswahili! Bibi Halina alikijifunzia kambini Tengeru, vita kuu ya pili ilipowatupa Tanganyika yeye, mama yake na kaka yake Tadek. Kiswahili cha kuamrisha wapishi. Nikamwambia, Bibi, mimi si mtumishi wa Tengeru, sema "naomba". Akacheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Tunapatana. Nina miezi minne tu tangu nianze kumtunza, lakini kazi yangu ya zamani ghalani Mesquite siirudii hata wanipigie magoti.

Mwanawe, Richard, kapata maktaba ya chuo kimoja Houston inayotaka karatasi zote za ukimbizi za mama yake. Anazipeleka Jumamosi ya wiki ijayo. Wa kuzipanga nani? Mimi, Liliane! Kipolandi sijui hata salamu. Lakini karatasi za wakimbizi si ngeni kwangu, nimekulia nazo.

Alhamisi, 4 Oktoba

Barua, picha, cheti cha ubatizo. Halafu kikadi cha kahawia, kimetobolewa matundu pembeni. Moyo ukapiga — kadi ya chakula! Hiyo haihitaji mkalimani. Kambini Mtabila, tulikokimbilia sisi, tulikuwa nayo, kila mgao tundu moja. Hii ni ya kambi ya mahema huko Uajemi, kabla hawajaletwa Afrika. Majina manne. Mama, Halina, Tadek — na Basia. Basia ndiye nani? Hadithi zake zote nimezisikia, hata za mbwa wao. Basia sijamsikia.

Nikauliza. Bibi akaninyang'anya kadi. Kasema amechoka, nizime taa. Saa nne asubuhi!

Ijumaa, 5 Oktoba

Kaniambia mwenyewe, namchana nywele. Basia ni mdogo wake, miaka miwili. Alikufa kwa kuhara, humo hemani. Mama yao akamzika alfajiri ndani ya shali yake, bila padri, bila msalaba, watu wasijue — mgao wake usikatwe. Wiki tisa wakala chakula cha Basia.

"Mimi kula," akasema. "Mimi kula mkate ya Basia."

Richard hajui. Bibi anataka niichome kadi kabla ya Houston. Nikasema ndiyo. Nikaitia kwenye pochi yangu. Sikuichoma na sijutii.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya misa nimepita kwa mama, Vickery Meadow. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza yote. Mimi najua, na yeye anajua kwamba najua: mdogo wangu Fidèle alizikwa vilevile, kimya kimya, bila matanga. Siku ya kuhesabiwa watu kambini tukaazima mtoto wa jirani. Akaitika "Fidèle" vizuri kuliko Fidèle mwenyewe! Nilikuwa na miaka minane. Uji wake niliunywa mimi. Tulikula, tukaishi, tuko Texas. Kwa hilo simwombi mtu msamaha.

Mama akamaliza kwanza maharage yake. Halafu:

"Mwambie huyo bibi asichome, mwanangu. Wangu hana hata karatasi."

Nimelia kwenye gari. Basi, nimelia.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nimekiri. Bibi, kadi ninayo. Nikampa maneno ya mama, na habari za Fidèle zote.

Ah, hasira! Kaniita mwizi. Kwa Kipolandi kaniita na mengine, bahati yangu siyaelewi. Kashika simu ampigie Richard nifukuzwe — kaiweka chini. Angemwambia nimeiba nini? Nikamwekea kadi mezani, na kiberiti juu yake. Ni yako, nikasema, ukitaka choma. Hakunyoosha mkono. Jioni nikairudisha kwenye pochi, naye ananitazama.

Kumdanganya nilikosea, hilo nakubali. Kuhusu kadi sikukosea.

Jumatano, 10 Oktoba

Bado amenuna. Lakini supu kanywa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Tuko njiani. Richard kaomba niende nao, Bibi hakukataa. Tumesimama Huntsville kujaza mafuta, Houston bado kama saa moja. Richard kaingia dukani kununua kahawa. Njia nzima anajizoeza hotuba yake ya maktaba: bibi yake, yaani mama wa Halina, alikuwa simba, aliwatoa watoto wake vitani wote wawili, hakupotea hata mmoja. Anajivuna, maskini. Bibi mbele pale anatazama dirishani tu.

Naandika juu ya goti. Sasa hivi kageuka, kanyoosha mkono huku nyuma:

"Lete Basia."

Hakusema naomba. Sikumsahihisha. Nimempa kadi, na kiberiti pia. Kiberiti kanirudishia. Kadi kailaza mapajani, majina juu, anainyoosha pembe iliyojikunja kwa kidole gumba.

Richard huyo anatoka, kahawa tatu mikononi. Nimfungulie mlango —