Tulikuja au Tumekuja

Ghorofa ya juu kabisa,
Jumapili, saa kumi jioni.

Mpendwa Dada Cherehani,

Hujambo wewe? Na mama mkubwa je, goti limemwachia? Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo kwa ule unga wa kazini kwake wanakooka mikate, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe.

Dada, nimesikiliza ulivyojirekodi kwa Kirusi ukijiandaa kwa usaili wa chuo cha uuguzi cha huku kwetu. Nimerudia na kurudia mpaka mama akasema, "We mtoto, utamchakaza mwenzio!" Matamshi yako ni mazuri. Kinachokupiga chenga ni vitenzi vya mwendo.

Umesema *ya idu k vam*, yaani unakuja kwao. Sawa, lakini *idu* ni kwa miguu. Kutoka huko kote! Utafika soli zimeisha na wenzio wameshahitimu. Sema *yedu*, hapo umepanda chombo.

Halafu hiyo *idu* ni ya safari moja, uko njiani sasa hivi. Kwenda na kurudi kwa mazoea ni *khozhu*, sawa na "hu" yetu tunaposema mimi huenda shule. Mwalimu alituchorea mishale ubaoni, ya kwenda na ya kurudi, nisielewe kitu. Kuuliza naona haya. Nikaenda kujifungia chooni, nikajinong'onezea kwa Kiswahili, ikaingia yenyewe.

Hayo madogo. Kubwa ni pale uliposema *moya tyotya priyezzhala v vash gorod*. Ulitaka wajue kwamba mama mdogo wako yupo kwenye mji wao. Mwenye Kirusi chake akisikia *priyezzhala*, anaelewa kwamba alikuja, akarudi zake. Ulitakiwa useme *priyekhala*: amekuja, na yupo. Ni "li" na "me" tu, dada. Mgeni alikuja, unaosha vikombe. Mgeni amekuja, unabandika maji.

Nisingelikazania hivi, ila kumbe hata kwenye maombi yako uliandika *priyezzhala*. Ijumaa simu ililia, mama yuko bafuni. Unanijua mimi na simu, huwa najifanya kiziwi. Hii ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Nikapokea.

Alikuwa katibu wa chuo. Akasema bweni limejaa, na kwa kuwa mama yako mdogo alisharudi kwao, huna wa kukupokea, basi nafasi yako wanampa mwingine. Alikuwa anataka kuthibitisha tu.

Dada, nikasikia mtu anapiga kelele, "*Nyet! Priyekhala! I ya priyekhala!*" Yaani hapana, amekuja, na mimi nimekuja! Mtu mwenyewe ni mimi. Mama akatoka mbio, povu kichwani. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu! Nawaambia tupo!"

"Si uwaambie polepole basi, wewe! Unawatoboa masikio."

Katibu alikuwa anacheka. Akaniuliza kama kweli tupo wote wawili. Nikamjibu tupo, na kitanda kipo. Amekuachia nafasi yako, ila Alhamisi kwenye usaili atakuuliza swali lilelile, na jibu anataka alisikie kinywani mwako.

Nikuambie ukweli ambao hata mama sijamwambia. Shuleni sina mtu wa kuongea naye. Kuandika naandika vizuri, lakini wakati wa mapumziko nasimama karibu na mlango nikisoma matangazo ambayo nimeshayajua kwa moyo. Nakutaka hapa, hata ukikoroma.

Kwa hiyo Alhamisi usikimbize maneno kama kawaida yako. Akikuuliza habari zetu, vuta pumzi, useme *priyekhala*. Sina wasiwasi nawe hata kidogo. "Alikuja" na "amekuja" hujawahi kuzichanganya tangu ulipoanza kusema, hata ukiwa na usingizi, hata ukiwa unagombana na mtu. Kirusi hakikuombi zaidi ya hapo.

Nisalimie mama mkubwa, babu, na yule fundi viatu jirani yenu anayejifanya hanikumbuki. Mama anasema uje na sweta nzito, na uache ubishi.

Mungu akutulize moyo, akupe sauti ya kutosha, na akufikishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye, niliyekwisha kukuachia nusu ya kabati,

Kufuli