Mkono Niliompa Mtu wa Isangi

Kabondo, Kisangani

Mjukuu wangu Bahati,

Nakusalimu huko Lubumbashi. Sisi ni wazima, na mguu wa nyanya yako umepona. Barua hii nasema mimi, anaandika dada yako Furaha, kwa mwandiko wake mzuri wa shule.

Unauliza kwa nini niliacha ugolikipa nikawa mchungaji.

Zamani za Wabelgiji sisi weusi tulikuwa na ligi yetu, na timu yetu ilikuwa na mwiko: kabla ya mechi, usimpe mpinzani mkono, maana atakufunga kwa dawa. Siku ya fainali, mshambuliaji wa timu ya Isangi, mji wa kando ya mto, alinijia, amenyoa kichwa kwa msiba wa mama yake, akaninyooshea mkono.

"Usimupe mukono!" kapteni wetu akapiga kelele. "Atakufunga!"

Nilimpa, nikamwambia pole. Dakika za mwisho mpira uliniteleza, tukashindwa.

"Bon, sasa enda ulie naye!" kapteni akaniambia. Juma zima hakuna mwenzangu aliyenisalimu.

Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwa mechi ya kirafiki, yule mshambuliaji alifika kwa mtumbwi. Aliniomba twende nikaombe kwenye kaburi la mama yake.

"Mimi ni mutu wa mpira," nilimwambia. "Najua Baba Yetu tu."

"Inatosha, ndugu."

Nikapanda mtumbwi. Siku hiyo golini alisimama mtu mwingine, na mimi sikurudi tena: baada ya sala ile wafiwa wengine waliniita, mpaka kanisa likanifanya mchungaji. Sijajuta hata siku moja.

Babu yako