Mchanga Mdomoni mwa Katunge

Tawa,
9 Machi 1986

Kwa mwanangu Ndila,

Pokea salamu zangu na za baba yako. Huku tuko wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo nimeshalizoea. Wewe na shangazi yako Nthenya mko salama huko Kibwezi? Joto halijawamaliza?

Anayeandika barua hii ni Mwalimu Ndolo wa ngumbaru. Mimi nasema, yeye anaandika, na ananirekebisha Kiswahili bila kuombwa. Usicheke. Mama yako na mvi zake anaketi kwenye dawati la watoto kila Jumanne na Alhamisi mchana, magoti yamefika kidevuni. Kusoma sasa naweza, polepole, nikifuata kwa kidole. Kuandika ndiko kumenishinda. Mkono huu umezoea jembe, ukipewa penseli unaibonyeza mpaka inavunjika.

Mvua inaonyesha dalili nzuri. Tumepanda pojo na kunde, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Sasa neno lililonifanya nimkalishe Mwalimu hapa. Shule zikifungwa Aprili, utakuja? Tangu mdogo wako Mbithe afukiwe na mchanga kule mtoni, mwaka wa ile njaa, nawe ukaenda kukaa kwa shangazi yako, shule zimefungwa mara nne, na mara zote nne umekuwa na sababu. Sikulaumu. Nauliza tu, maana kila zikifungwa nakitandika kitanda chako, halafu baada ya wiki nakitandua.

Nasubiri jibu.

Ni mimi mama yako,
Muthoki

Kibwezi,
23 Machi 1986

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Huku sote hatujambo. Shangazi anakusalimu na anasema goti ulikande kwa maji moto yenye chumvi, uache ubishi. Na hongera kwa kusoma! Nimemwambia kila mtu darasani kwamba mama yangu ni mwanafunzi mwenzangu.

Mama, Aprili haitawezekana. Shangazi amepanda vitunguu karibu na mfereji na hana mtu wa kumsaidia kuvimwagilia. Tena hesabu zangu ni mbaya, na kuna mwalimu atakayetufundisha wakati wa likizo. Labda Agosti.

Ila nakutumia kitu cha kufanyia mazoezi ya kusoma. Ni daftari langu. Nimeandika hadithi ya vijana, na mwalimu wetu wa Kiswahili ameipenda. Shule inataka kuchapa kitabu kidogo cha hadithi za wanafunzi, na yangu itaingia nikiimaliza kabla ya mwisho wa Julai. Mwisho wake bado umenikatalia. Ni habari za Katunge, msichana ambaye kila akifungua mdomo kusema, mchanga unamwagika badala ya maneno. Anatembea na kifuko shingoni cha kukusanyia huo mchanga, ili watu wasiuone.

Soma polepole. Maneno makubwa si mengi.

Mwanao,
Ndila

Tawa,
20 Aprili 1986

Ndila mwanangu,

Salamu baadaye. Kwanza niambie, mdomo unaendeleaje?

Daftari lilifika Jumatatu, na Jumanne nikalipeleka ngumbaru tulisome kwa zamu. Hatujawahi kuwa na somo tamu namna hiyo. Hata wale wanaosinziaga hawakusinzia. Tulipofika pale Katunge anakohoa mchanga mbele ya darasa zima, Kalondu, tunayesoma naye, alisimama akasema huyo mtoto ana minyoo, au ana mimba, maana wanaokula udongo ni hao wawili tu. Mwalimu Ndolo akasema jamani, hii ni hadithi. Kalondu akamwuliza, hadithi ya nani? Si imeandikwa na Ndila wa Muthoki? Mtu ataandikaje ugonjwa asioujua? Mwalimu akaguna, akatuambia tuendelee kusoma. Hata sasa ameguna, lakini ameandika.

Mimi sikulala. Jumapili nikasimama kanisani nikaomba maombi kwa ajili ya mdomo wa binti yangu. Mchungaji aliomba muda mrefu sana, watu wakaanza kutazama saa. Halafu akina mama wa mwethya wetu, wale tunaolimiana mashamba, wakachanga vitu. Nimekabidhi kifurushi kwa kondakta wa basi la Mombasa: asali ya kutoka Kitui, dawa ya minyoo, chumvi ya kusukutulia, na mizizi ambayo Kalondu anasema uichemshe hadi maji yawe mekundu. Usiongeze sukari.

Kama mambo ni mabaya sema, nije mwenyewe. Goti litavumilia.

Mama yako mwenye wasiwasi,
Muthoki

Kibwezi,
4 Mei 1986

Mama,

Ni mzima! Ni mzima kabisa, meno yote, ulimi wote. Natumaini nanyi mko hivyo.

Nilipofungua kile kifurushi nilicheka mpaka shangazi akaja mbio kutoka jikoni. Sijui mara ya mwisho kucheka namna ile ilikuwa lini. Kisha nikakasirika. Kanisa zima, mama! Mchungaji! Nitapita vipi sokoni Tawa? Tafadhali mwambie Kalondu sina minyoo, na hiyo mimba aliyonipa aichukue mwenyewe.

Mchanga ule ni mfano. Mwalimu wetu anasema katika hadithi za vijana, jambo lisiloweza kusemwa hupewa kitu cha kulibeba. Mtoto anayeogopa anaweza kupewa mlango usiofunguka. Mwenye huzuni anaweza kupewa kuku asiyetaga. Msomaji anaelewa bila kuambiwa. Katunge si mimi. Ni msichana wa kubuni tu.

Asali tumeila. Mizizi ya Kalondu shangazi ameitazama, akaitupa kwenye mfereji.

Mwanao mzima,
Ndila

Tawa,
25 Mei 1986

Mwanangu,

Twamshukuru Mungu kwa mdomo wako. Huku pia tu wazima, na pojo zimekubali.

Nimeeleza kanisani kwamba mchanga haukuwa mchanga. Mchungaji hakufurahi, alikuwa ameshatangaza kwamba umepona. Kalondu naye hajakubali, lakini huyo hajawahi kukubali jambo lolote.

Mfano naujua, Ndila. Kila Jumapili tunahubiriwa kwa mifano, mimi si mjinga. Nimelirudia daftari lako peke yangu nikichambua kunde. Sasa nikuulize, je, tulikosea sana? Tangu siku ile ya mtoni hujaniambia hata neno moja juu yake. Siku nne za matanga ulikaa nyuma ya ghala, na ya tano ukapanda basi. Ukiandika, unaandika vitunguu na hesabu. Mimi niliona mtoto ambaye mdomo wake hausemi nikakuombea. Nilipokosea ni kuomba kwa sauti.

Kuna jambo jingine, na kwa hili nimemwambia Mwalimu aandike bila kunirekebisha. Katunge ana nyanya, ana mwalimu, ana rafiki, hata punda anaye. Mama yake yuko wapi? Nimesoma mara mbili nikimtafuta. Haikuandikwa amekufa, haikuandikwa amesafiri. Niliumia, siwezi kukuficha. Ulimtoa kwa nini?

Mama yako,
Muthoki

Kibwezi,
8 Juni 1986

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijui kama ni mzima. Tafadhali hii usimpe Mwalimu Ndolo. Isome mwenyewe.

Mama yake Katunge nilijaribu kumwandika. Kila akiingia mlangoni nakwama, kwa sababu sijui atasema nini akijua mtoto wake alifanya nini. Kwa hiyo nikamtoa.

Unakumbuka mwaka ule shimo letu mtoni lilivyokuwa refu. Mto ulikuwa mkavu, maji yalikuwa yamezama chini, na kila tulipochota tulizidi kuuchimba mchanga, mpaka aliyeingia alikuwa haonekani kichwa. Mmoja anaingia na kopo, mwingine anabaki juu kupokea na kujaza mtungi. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuingia. Haikuwa ya Mbithe. Lakini nilikuwa nimeshavaa gauni jipya la kwaya, lile la samawati, kwa sababu tukitoka mtoni nilitaka kupitia mazoezi moja kwa moja. Sikutaka lichafuke. Nikamwambia Mbithe, ingia wewe, nitakupa mkate nikirudi. Akaingia anaimba. Alinipa makopo sita. La saba halikuja, ukuta wa mchanga ulimwangukia.

Sijawahi kumwambia mtu. Shangazi hajui. Kila shule zikifungwa nafunga sanduku, naenda mpaka stendi, kisha nakuona akilini ukiniangalia, na narudi na sanduku langu.

Sasa unajua. Kama hutaki nije nyumbani nitaelewa, mama. Niambie tu.

Ndila

Kibwezi,
6 Julai 1986

Mama,

Wiki nne hujajibu. Labda barua ilipotea. Labda haikupotea.

Shangazi na mimi hatujambo. Mwalimu wa Kiswahili anadai mwisho wa hadithi, nami namzungusha. Leo nilimwambia aitoe kwenye kitabu, akakataa.

Hata neno moja tu, mama, hata liwe baya.

Mwanao,
Ndila

Tawa,
27 Julai 1986

Ndila,

Hujambo mwanangu. Sisi hatujambo.

Huu ni mwandiko wangu. Ulisema nisimpe Mwalimu. Sikumpa. Sikumpa mtu. Kwa hivyo ilibidi nijue kuandika kwanza. Ndiyo maana nimechelewa. Nimeharibu karatasi nyingi. Nimevunja penseli tatu. Baba yako aliniuliza kama naandikia serikali. Barua yako ya pili ilipofika nililia. Nikasema nitume hata neno moja. Lakini neno moja halikutosha.

Nilijua.

Nilijua siku hiyo hiyo. Zamu nilipanga mimi. Jumamosi ilikuwa yako. Walipomtoa Mbithe nilijua zamu ilikuwa ya nani.

Lakini nilipofika mtoni niliona mikono yako. Kucha tatu hazikuwapo. Ulichimba kwa mikono mpaka wanaume wakaja. Walipotaka kuchimba wao ulikataa kutoka. Jirani yetu Mulei na mwenzake walikuvuta kwa nguvu. Gauni la kwaya lilikuwa limechanika lote. Wewe hata hukujua. Hayo ndiyo niliyaona. Ukiniona nakuangalia, naangalia hiyo mikono.

Na shimo nilichimba mimi na baba yako. Niliona upande mmoja unamwagika. Nilisema tutatafuta miti ya kuushikilia wiki ijayo. Hilo nami sijamwambia mtu. Nilidhani ulienda Kibwezi kwa sababu hiyo. Nilidhani unanichukia.

Mbithe nilikuwa namwita mwaitu, mama yangu. Alikuwa na jina la mama yangu. Nilimlilia kama mtoto na kama mama. Wewe pia nilikulilia, na wewe uko hai unamwagilia vitunguu.

Sina hasira. Sijawahi kuwa na hasira. Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri ukijua najua utaumia. Nilikosea sana.

Mwandike mama yake Katunge. Mwandike alijua na alinyamaza. Usimfanye mzuri sana. Mwingize tu mlangoni, atajua la kusema.

Mkono umechoka. Shule zinafungwa tarehe nane Agosti. Usinijibu kwa barua.

Mama yako
Muthoki