Gunia la Kizimbani

Tunduma, Jumatatu

Dada Sekela,

Natumaini huko Ikinga hamjambo na maharage mmeshavuna. Huku Tumaini ameota meno mawili. Nimemwachisha kunyonya ghafla. Usimwambie mama, atauliza sababu.

Unajua mimi ni katibu wa kamati ya taka ya mtaa wetu. Jumamosi tulikuwa tunasafisha kizimba cha taka, nikafungua gunia moja nijue limetoka kwa nani. Sindano ikanichoma kiganjani. Gunia zima lilikuwa la sindano zilizotumika na bandeji zenye damu. Mwenyekiti wetu, mzee Kalisti, ndiye mwenye zahanati hapa mtaani. Alilifunga haraka, akaninong'oneza, "Mama Tumaini, haya tuyamalize humu humu kwenye kamati."

Nilikimbilia hospitali. Nimepewa vidonge vya kuzuia UKIMWI vya siku ishirini na nane, kisha nitapimwa tena. Naogopa, dada. Hata kumbeba mtoto naogopa. Baba yake yuko safarini Zambia, na bado sijamwambia.

Jana kwenye mkutano wa mtaa Kalisti alinikazia macho muda wote. Hata hivyo nilisimama, nikaonyesha kiganja na kusema yote mbele yake. Leo asubuhi bwana afya amekuja, amelichukua gunia na kuifunga zahanati.

Watu wananipongeza njiani. Mimi nahesabu siku tu. Njoo, dada. Sitaki kupokea majibu nikiwa peke yangu.

Mdogo wako,
Tumpale