Kidole cha Kulsumu na King'ora cha Mwinjuma

Mwaka umetimia, Mwinjuma wetu, tangu asubuhi ile ya Juni 1956 ulipotutoka pale kona ya ghala la mahindi, hapa Sumbawanga.

Tunakumbuka mikono yako ya grisi, na shikamoo yako hata kwa mlevi aliyekuzidi mwaka mmoja. Gari la wagonjwa likipiga king'ora, watu walikimbia ovyo, wengine wakilifuata lenyewe, maana sauti iligonga mabati ikarudi, hakuna aliyejua inatoka wapi. Ukaapa kutengeneza king'ora kitakachomwonyesha mtu upande kilipo. Tulikucheka. Tulisema kelele ni kelele tu, fundi anajichosha.

Kipimo chako kilikuwa mkeo, Kulsumu. Ulimfunga macho kwa kanga, dereva Gaudensi akapita na gari la wagonjwa likipiga king'ora chako kipya, naye anyooshe kidole sauti inakotoka. Kwenye uwanja wa Milanzi alipatia. Penye kona ya ghala alikosea mara nne, na watu walikuwa wamejaa wanacheka.

"Mara ya mwisho, Mama Sada," ulimwambia. "Ukikosea, naongeza bati la kukwaruza. Sauti yenye mikwaruzo sikio huikamata upesi."

Kulsumu alikuwa ameacha maharage jikoni, tena aibu imemjaa. Akachungulia chini ya kanga, akaliona gari, akanyoosha kidole. Ulishangilia hata kofia ikaanguka. Bati ukaliweka kabatini.

Wiki ya tatu baada ya jaribio lile, kwenye ukungu, ulikuwa unavuka kona ile ile. King'ora ulikisikia. Ukakimbia kukikwepa, kumbe unakifuata, gari likakugonga. Gaudensi hana kosa, na bado analia.

Kulsumu hakumwambia mtu mpaka arobaini ilipopita. Sasa ameomba iandikwe hapa, wote wasome: alichungulia, na anajuta. Majuto ni mjukuu. Nasi tuliocheka hatuwezi kumwachia lawama peke yake.

Ijumaa iliyopita mdogo wako Selemani alilitoa lile bati, akalifunga kwenye king'ora. Kulsumu alijifunga kanga mbili, akainamisha uso. Gari lilipita mara saba pale pale konani, na mara saba alipatia. Ya mwisho alikataa kushusha mkono.

"Mwambieni Baba Sada," alisema, "safari hii sikuona kitu."

Tunaokulilia: mkeo Kulsumu, binti yako Sada, mdogo wako Selemani na dada yako Shida. Mwenyezi Mungu akurehemu. Kila gari lile likipita, tutakutaja.