Tangazo Chini ya Ratiba ya Mbwa

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa binti yangu.
Jumanne asubuhi, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na wale mapacha, ambao nasikia viatu vyao sasa vimepita vyangu. Goti lako limepona? Usilidharau, goti halina adabu.

Mimi ni wa kuungaunga. Figo zimegoma, na daktari ameacha kunitajia miezi. Siku hizi ananiuliza tu kama napata usingizi. Nimemwelewa. Nimekataa kuandikiwa. Mengine mtu huyaandika mwenyewe.

Ni habari ya lile jengo la madarasa ya jioni, ambamo marehemu mama yako alifundisha watu wazima kusoma. Unakumbuka halmashauri ililiuza, na mimi ndiye niliyekuwa karani.

Sheria ilitufunga mikono, na ilifanya vizuri. Mali ya umma haikuuzwa kama kuku wa mtu. Tangazo lilipaswa kukaa kwenye ubao wa nje siku thelathini, na mwananchi hata mmoja akiandika kupinga, uuzaji ulisimama mpaka asikilizwe. Mmoja tu. Mwenyekiti alijua huyo mmoja angekuwa nani. Nami nilijua, maana tulinyonya ziwa moja.

Mwenyekiti alikuwa na mnunuzi wake tayari, mwenye duka la mabati. Aliniita, akafunga mlango, akasema, "Karani, sheria inasema libandikwe. Haikusema lisomwe." Akacheka. Nami nikacheka, mpwa wangu. Kicheko kile bado nakisikia.

Nililibandika tangazo, kisha juu yake nikaweka ratiba ya chanjo ya mbwa, pini nne zikapita karatasi zote mbili. Kila asubuhi niliinua pembe ya ratiba nione kama tangazo lipo, kwa sababu siku ya thelathini nilitakiwa kutia sahihi kwamba halikuondolewa, na sikutaka kusaini uongo. Uaminifu wangu ulikuwa wa namna hiyo. Nikapandishwa kuwa karani mkuu, nikapewa kiti chenye magurudumu.

Mama yako alipokuta kufuli jipya mlangoni alikuja dirishani kwangu, vidole vyeupe kwa chaki. Nilimjibu mbele ya watu, "Dada, tangazo limekaa ubaoni mwezi mzima. Wewe ulikuwa wapi?"

Alikuwa akipita pale kila siku, na wote walijua. Watu wakapata cha kuchekea: mwalimu wa kusoma asiyesoma. Wapagazi na wauza mboga aliowafundisha walihamia barazani kwake, wakapungua mmoja mmoja, mpaka akabaki na fundi viatu peke yake.

Baada ya hapo akawa anasoma kila karatasi ubaoni, kidole kikifuata mistari, hata orodha ya vitambulisho vilivyookotwa. Mimi nilikuwa sijaziondoa zile karatasi zangu. Niliogopa kuonekana nikizigusa. Siku moja, nikiwa dirishani, nilimwona akiinua ratiba ya mbwa. Alisoma kilichokuwa chini mpaka mwisho, akairudisha, akabonyeza pini kwa dole gumba. Kisha akatazama dirisha langu. Jioni aliniletea maziwa kama kawaida yake.

Angeandika mstari mmoja tu, ningefungwa. Hakuandika.

Wiki tatu baadaye ukaja likizo. Ulimkaripia mezani, ukamwambia uzembe wake umewaponza maskini waliomtegemea. Mimi nilikuwa mkabala nawe. Akasema, "Kweli, mwanangu, sikuangalia." Akanisogezea chumvi. Nami nikaipokea.

Nimekula kiapo kwa wakili na kumkabidhi karatasi zote mbili, tangazo na ratiba, nilizozihifadhi tangu siku hizo. Matundu ya pini yanalingana. Anasema huenda muda wa kudai jengo umepita, huenda haujapita. Nakala zako zimo humu. Kama kuna kesi, ifunguliwe, hata kama jina langu litatangulia kuzikwa kabla yangu.

Kwangu sikuombi msamaha; bado sijapata sura ya kuuombea. Nakuomba ulirudishe lile neno ulilomwambia mama yako. Lilikuwa langu. Mama yako alilibeba miaka kumi na tisa, akafa nalo.

Nisalimie mumeo, na mapacha wavute masikio kwa niaba yangu. Fundi viatu anakusalimu. Huja kila Ijumaa kunisomea gazeti, na husoma vizuri. Binti yangu naye anakusalimu. Hajui niliyoyaandika, ila ndiye atakayeipeleka barua posta, na bahasha nimeiacha wazi.

Mungu akulinde, na akujalie kulala usingizi ambao mimi sikuulala.

Nakupenda, na ninakuonea haya,

Mjomba wako.