Daraja Nililovuka kwa Miguu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mguu umepoa na unakwenda kuangalia kabichi mwenyewe. Mama ananiambia hutaki kupumzika, hilo halinishangazi. Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya Njombe inafanana mno na ya Shume. Asubuhi ukungu ukishuka barabarani najikuta nasubiri lori lako litokeze.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Nahesabu malori. Daraja la hapa limechoka, litajengwa jipya, na mhandisi wetu, mama mmoja mpole, anataka kujua mizigo inayopita ina uzito gani ili jipya liwe na nguvu ya kutosha. Namba za mizani ya barabara kuu zilionyesha malori yote yamo ndani ya sheria. Alikuwa ameanza kuchora daraja kwa namba hizo.

Mimi nilikaa kando ya daraja siku nyingi, daftari mapajani, mawazo yakinipeleka nyumbani. Ndipo nikaona kitu. Malori ya mbao yakifika darajani husimama, abiria hushuka na kuvuka kwa miguu, kisha dereva hufuata taratibu. Nikakumbuka lile daraja la mto wa chini ya Shume, nawe ukinifungulia mlango. "Shuka, mwanangu, tangulia ukaniangalizie maji." Nilivuka nikiimba, nikakusubiri ng'ambo na maua ya porini mkononi, nikijiona mtu muhimu sana. Kumbe ulikuwa unaogopa, Baba.

Ulinikataza kusimulia jinsi mlivyokuwa mkishusha nusu ya mbao kabla ya mizani na kuzipakia tena mbele ya safari. Miaka yote nimenyamaza. Nisamehe, safari hii nimesema. Ningenyamaza, daraja lingejengwa dhaifu, na siku moja lingeondoka na watu. Nilimwambia mhandisi kwamba mizani inapima malori yaliyopunguzwa. Hakunicheka. Alifunga vipimo chini ya daraja lenyewe, vinavyosoma jinsi zege linavyobonyea kila lori likipita. Namba zilipokuja alivua miwani, akaikunja michoro ya zamani. Michoro imeanza upya.

Aliniuliza nani alinifundisha.

"Baba yangu," nikamjibu. Niliona aibu kidogo, na fahari zaidi.

Siku hizi, mchana kukiwa kimya, nalaza kiganja kwenye nguzo. Lori linapita juu, zege linatetemeka kisha linatulia, nami nasikia harufu ya mbao mbichi za kwetu.

Msalimie Mama, na dada yangu muuza matunda damu hapo sokoni Lushoto, mwambie aniwekee yale mekundu yaliyoiva. Bibi mshikie miguu kwa niaba yangu.

Na daraja jipya likiisha, njoo. Tupande lori lililojaa mbao, tuvuke wote wawili, na safari hii usinishushe.

Mwanao akupendaye,
Zaina